Msumari kwenye Sifuri

Nimekagua mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Nimekagua mizani za sukari, za korosho, za pamba, na hata ile ndogo ya sonara ambayo ukipiga chafya karibu yake inakudanganya. Kwa hiyo msomaji asiniletee habari za labda na huenda. Nikisema kitu ni kizito, ni kizito. Haya ninayoeleza niliyaona mwenyewe katika nchi ya Usijambo, ambako serikali ilinialika kukagua vipimo vyote kabla ya sherehe zao za miaka mia. Safari yenyewe haina la kusimulia: nilipanda, nikashuka, miguu ikavimba.

Wasijambo ni watu safi na wakarimu, wanaofagia mpaka mbele ya nyumba za jirani. Fahari yao kubwa ni salamu. Ukikutana na mmoja wao atakuuliza, "Hujambo?" nawe utajibu, "Sijambo." Mpaka hapo hawana tofauti na sisi. Tofauti ni kwamba kwao jibu hilo huandikwa. Kila ofisi ina karani mwenye rejista. Huuliza, husikia, huandika, na kilichoandikwa ndicho kinachohesabiwa kuwa kweli. Nilimkuta mwalimu akifundisha katika darasa lisilo na paa. Aliulizwa hujambo, akajibu sijambo, na katika rejista shule yake ina paa. Mvua ilipoanza, wanafunzi walifungua miavuli bila kuambiwa, nikajua si mara ya kwanza. Daraja la mjini lilikuwa limekatika tangu miaka mitatu nyuma, lakini mlinzi wake hajambo, kwa hiyo daraja nalo halijambo. Watu walikuwa wakivuka mto kwa kukunja nguo, na katikati ya maji wakisalimiana vizuri kabisa.

Mizani zao, nakiri, zilikuwa sahihi kupindukia. Kwa siku nne sikupata hata gramu moja ya kulalamikia, nikaanza kununa, maana mkaguzi asiyepata kosa hujiona kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

Nilifikia kwa mwanamke aitwaye Sikudhani, mjane wa miaka arobaini na minne, fundi baiskeli. Aliishi na wifi yake, Mashavu, dada wa marehemu mumewe. Nilipenda kumtazama Sikudhani akinyoosha ringi. Aliizungusha, akagonga spoki moja moja kwa bisibisi na kuinamisha kichwa asikilize. "Hii inalia," alisema, akaikaza. Akagonga nyingine. "Hii pia inalia, lakini kwa aibu." Aliifanya kazi yote hiyo akiwa amesimama. Siku ya nne nikatambua kwamba sijamwona akikaa hata mara moja.

"Alhamisi anarudi Nyumba ya Mionzi," Mashavu aliniambia tukila chakula cha mchana.

"Sirudi," alisema Sikudhani.

Nikauliza, nikaelezwa. Sikudhani alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Iligunduliwa mapema kiasi, na daktari alimpa matumaini mazuri. Alipigwa mionzi ya nje wiki tano. Kilichobaki ni mionzi ya ndani, mara nne, kila Alhamisi. Alikuwa amekwenda mara moja.

"Ile ya nje haikunisumbua," alisema. "Unalala, mashine inafanya kazi yake, unashuka unaenda zako. Hii ya ndani ni mambo mengine, dada. Wanakuingizia mirija ya chuma mpaka kwenye mlango wenyewe wa kizazi, wanaishindilia kwa vitambaa isisogee. Kisha wote wanatoka, mlango unafungwa, unabaki wewe na mashine. Na usitikisike. Nilihesabu vigae vya dari. Viko mia na arobaini. Kimoja kimepasuka."

"Hawakukupa dawa ya kukutuliza?"

"Karani aliniuliza hujambo. Nikamjibu sijambo. Ningemjibu nini, mtu mzima amenisalimia?"

"Wifi, wewe umezaa wanne," alisema Mashavu, kwa upole lakini kwa kusukuma. "Utashindwa na bomba?"

"Kuzaa ni kuzaa, wifi. Mtoto alikuwa anatoka. Hii inaingia."

Machozi yakamlengalenga Mashavu, akasema kwamba daktari amewaambia wazi: akizimaliza zote nne ana nafasi nzuri ya kupona, akiishia njiani ugonjwa una nafasi kubwa ya kurudi, na ukirudi hautakuwa mpole. Sikudhani alikuwa anajua yote hayo. Alisukuma sahani, akaenda kusimama kwenye baiskeli zake.

Kesho yake, Jumatatu, nilikwenda Nyumba ya Mionzi na mkoba wangu wa kazi. Nilipokewa na Bwana Shaweji, Msajili wa Majambo, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Alinifungulia rejista. Wanawake elfu nne mia moja na kumi na wawili walikuwa wamepitia mionzi ya ndani katika nyumba ile, na mbele ya kila jina palikuwa na neno moja kwa mwandiko mzuri: hajambo, hajambo, hajambo.

"Hakuna nchi nyingine yenye matokeo kama haya," alisema Bwana Shaweji. Alikuwa anaamini. Sikuona hila yoyote usoni pake, na hilo liliniudhi zaidi.

"Na dawa za usingizi?"

"Zipo, Bi Mkaguzi! Tena bora. Sheria inasema zipewe mwenye jambo." Akanionyesha kabati lililofungwa. "Bado hajatokea."

Dirishani nilimwona mwanamume akimwagilia maua, na sijapata kuona maua mazuri kama yale. Alikuwa Bwana Hatibu, mtaalamu wa dawa za usingizi. Ameajiriwa miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi hukagua mitungi yake ya hewa, hupima mashine zake, hutupa dawa zilizopitwa na wakati na kuagiza mpya, kisha hutoka kwenda bustanini.

Ndipo nikakiona Kipimo cha Maumivu. Kilikuwa ubao ukutani, wenye namba kuanzia sifuri hadi kumi na mshale wa shaba. Nikausukuma mshale kwa kidole. Haukusogea. Nikavaa miwani. Ulikuwa umepigiliwa msumari kwenye sifuri, msumari wa inchi tatu, umepakwa rangi ya shaba usionekane.

"Ulikuwa ukicheza cheza na upepo," alieleza Bwana Shaweji. "Ukawa unachafua takwimu."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Katika miaka thelathini na mmoja nimekuta mawe ndani ya mizani, nimekuta sumaku, nimekuta nta chini ya sahani. Msumari sijawahi. Nilifungua mkoba, nikatoa muhuri mwekundu ulioandikwa BATILI, nikaubandika katikati ya ubao kwa kofi lililosikika mpaka bustanini.

Bwana Shaweji akapauka. "Bi Mkaguzi, unajua ulichofanya? Kwa sheria yetu, nyumba ambayo kipimo chake ni batili haimhudumii mtu mpaka kipimo kionekane kikifanya kazi mbele ya mkaguzi."

"Vizuri. Kitengenezwe."

Aliyenijibu hakuwa yeye. Alikuwa Daktari Mkejina, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa muda. "Alhamisi nina wanawake sita," alisema. "Matibabu yao yana ratiba. Ugonjwa hausubiri mihuri yako, mama." Nilijisikia mjinga, na sina mazoea nako. Nikamwambia basi aniambie la kufanya.

Alinipeleka pembeni. Alisema amekuwa akiwauliza wagonjwa kwa njia zake, kwa kuwashika mkono, kwa kuwatazama vidole vya miguu. Anajua wanaumia. Dawa anazo za kila kiwango. "Zipo za kupunguza maumivu, mtu akabaki macho kabisa, na wapo ambao hizo zinawatosha. Upo usingizi mwepesi: unasinzia, unapumua mwenyewe, ukiitwa unaitika. Ipo ganzi ya mgongoni, unabaki macho lakini kuanzia kiunoni kwenda chini husikii kitu. Na ipo nusukaputi yenyewe, unalala fofofo na Hatibu anaisimamia pumzi yako. Kila moja ina masharti yake. Nyingine lazima uje hujala, uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, na unaweza kuamka na kichefuchefu. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Inategemea mwili wake, moyo wake na historia yake. Lakini siwezi kuanza mazungumzo hayo na mtu asiye na jambo. Ataniuliza ninazungumzia nini."

Habari za muhuri zilifika Barazani kabla yangu. Jumanne waliitisha kikao cha dharura, nami nikaketi nyuma pamoja na Sikudhani na Mashavu, waliokuja kwa sababu niliwang'ang'ania.

Baraza la Usijambo lina vyama viwili. Cha kwanza ni Wakeshaji, na kiongozi wao, Mheshimiwa Kitwana, alisimama na kusema kwamba mwanamke wa Usijambo ameumbwa kustahimili, kwamba bibi zetu hawakulazwa usingizi, na kwamba dakika kumi na tano za mashine ni muda wa kunywa chai. Shavu lake lilikuwa limevimba upande mmoja. Nilimuuliza jirani yangu sababu, akaninong'oneza kwamba Mheshimiwa aling'olewa jino juma lililopita, kwa sindano mbili za ganzi.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa, wewe ulipewa ganzi kwa utaratibu gani?"

"Jino la kiongozi," alijibu bila kupepesa, "ni la taifa."

Cha pili ni Walalaji, na mkuu wao, Mheshimiwa Bi Nunu, alitaka kila mwanamke alazwe nusukaputi tangu getini, apende asipende, na anayeonekana yu macho ndani ya jengo arudishwe kwao. Mbunge mmoja akauliza: na ambaye mapafu yake hayaruhusu? Bi Nunu akasema huyo alazwe taratibu. Mwingine akauliza: na anayeogopa kulala kuliko kuumia? Akaambiwa hofu hiyo itamtoka akishalala.

Kisha likaja suala la neno lenyewe. Mheshimiwa Kitwana alitaka kujua, ikiwa ni nusu kaputi, na kaputi maana yake ni kufa, ni nusu ipi inayokufa. Bi Nunu alisema ya chini. Wakeshaji wakapiga kelele kwamba ya chini ndiyo inayotibiwa, haiwezi kutibiwa ikiwa imekufa. Wakaletewa kamusi. Wakabishana kutwa, wakarudi Jumatano wakaendelea, na nilihesabu mara sitini na moja neno "mwanamke" likitajwa na watu ambao hawakugeuza shingo kumtazama aliyekuwa amesimama nyuma yao kwa sababu kukaa kunamuuma.

Nikasimama. "Waheshimiwa, mwenye ugonjwa yuko hapa. Nani amemuuliza?"

Wakageuka wote, Wakeshaji na Walalaji, kwa adabu ya hali ya juu. Spika akavua kofia, akatabasamu.

"Hujambo, mama?"

Sikudhani akashtuka, akafunga kanga vizuri.

"Sijambo," alisema.

Ukumbi ukapiga makofi. Karani akaandika. Kikao kikafungwa kwa kukubaliana kwamba ubao wa kipimo upakwe rangi.

Tulitembea kurudi nyumbani nikiwa nimefura. Nilitaka kumtikisa mabega. Badala yake nilifungua kitabu cha sheria yao nilichoazima kwa mlinzi wa Baraza, nikakisoma njiani, maana hasira zangu hutulia nikisoma vifungu. Sheria ya Salamu ina kurasa mbili. Ya kwanza imefubaa kwa kusomwa: aulizwe hujambo, jibu liandikwe. Ya pili ilikuwa imeshikana na jalada. Nikaibandua kwa ukucha. Ilikuwa nyeupe kama siku ilipochapwa, na ilikuwa na mstari mmoja tu: Akisema ana jambo, aulizwe jambo gani, na asikilizwe mpaka amalize.

Nilimpa Sikudhani asome. Alisoma akiwa ameegemea baiskeli ya mteja.

"Kwa hiyo hakuna aliyetukataza," alisema polepole.

"Hakuna."

"Miaka yote hiyo."

"Spoki ikilia," nilimuuliza, "wewe huwa unaiambia ijikaze?"

Alinitazama vibaya, kama ninavyostahili kutazamwa ninapojifanya mjanja. Mashavu ndiye aliyejibu, akiwa amekaa kizingitini na mikono mapajani. "Wifi," alisema, "juzi nilikuambia vibaya. Mimi naogopa kukuzika, ndiyo maana nilisema vile. Nenda ukawaambie. Nitakuja na wewe, nitakurudisha mimi mwenyewe."

Sikudhani hakusema ndiyo. Lakini Alhamisi asubuhi, Mashavu alipoweka chai mezani, aliipita bila kuigusa, nami nikaelewa kwamba ameyashika maneno ya daktari niliyomfikishia, na anakwenda na tumbo tupu kwa makusudi. Nilifurahi mpaka nikainywa chai yake pia.

Wanawake watano walikuwa kwenye benchi nje ya mlango uliofungwa kwa sababu ya muhuri wangu; wa sita, Sikudhani, alisimama. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Daktari Mkejina alisimama mlangoni na viatu vyake vya raba. Bwana Shaweji alikaa mezani, rejista wazi, na nyuma yake ubao uliokwisha kupakwa rangi mpya kuuzunguka muhuri wangu, pamoja na msumari wake. Nilichukua koleo katika mkoba, nikaung'oa msumari ule mbele ya watu. Ulitoka na kelele mbaya. Mshale ukabaki palepale kwenye sifuri, ulikuwa umezoea.

"Wa kwanza," aliita Bwana Shaweji.

Sikudhani akasogea. Hakukaa.

"Hujambo, mama?"

Nilimwona akifungua mdomo, na midomo yake ikajipanga yenyewe kwa ile herufi ya kwanza, *s*, kama inavyojipanga midomo yetu wote. Akaifunga. Alimtazama Mashavu. Akautazama mlango. Kalamu ya Bwana Shaweji ilikuwa imeshaandika *haja*.

"Nina jambo," alisema Sikudhani.

Mtu kwenye benchi alisema "Yarabi." Bwana Shaweji aliinua uso, akasubiri Sikudhani asahihishe. Hakusahihisha. Msajili akafungua droo moja, akafunga, akafungua nyingine. Nikamwekea mezani ukurasa wa pili. Aliusoma kwa midomo, mara mbili, kisha akaweka kalamu chini, na nitamheshimu kwa hilo daima, kwa sababu sheria haikumtaka aiweke chini.

"Jambo gani, mama?"

"Juma lililopita niliumia kuliko nilivyowahi kuumia maishani," alisema Sikudhani. "Niliumia mirija ikiingia, niliumia nikiwa peke yangu, niliumia ikitoka. Niliona aibu kulia. Nikaapa sirudi, ingawa najua nisiporudi nitakufa. Mimi sitaki kufa. Nataka matibabu yote yaliyobaki, mara tatu zote. Lakini sitaki tena kuhesabu vigae. Nimekuja na njaa, nimekuja na wifi yangu wa kunirudisha, na nataka daktari anieleze dawa zote alizonazo, kisha nichague."

"Kuanzia sifuri hadi kumi?" aliuliza Bwana Shaweji, karibu kwa kunong'ona.

"Tisa. Ya kumi niliiweka akiba."

Msajili aliinuka mwenyewe kuusogeza mshale. Uligoma kidogo, ukalia kwa kutu, ukasogea: moja, mbili, mpaka tisa. Nikabandua muhuri wangu. Daktari Mkejina alikuwa tayari ameshatoka kwenda dirishani, na nikamsikia akiita, "Hatibu! Acha maua! Nawa mikono!"

Walikaa naye zaidi ya nusu saa, daktari na mtaalamu wa usingizi. Bwana Hatibu alimuuliza mambo mengi: kifua, moyo, dawa anazotumia, kama amewahi kulazwa usingizi na aliamkaje. Alisema nusukaputi inawezekana, ganzi inawezekana, usingizi mwepesi unawezekana. Sikudhani aliuliza kama katika usingizi mwepesi atamsikia mtu akimwita. Akaambiwa atasikia. "Basi huo," alisema, "na dawa ya maumivu ya kutosha. Na mtu aniite jina langu, nijue sijaachwa." Bwana Hatibu akasema ataita yeye, tangu mirija ikiingia. Na kwa zile dakika ambazo hakuna anayeruhusiwa kubaki ndani, ataiangalia pumzi yake kwenye skrini iliyo nje, na kuita kwa kipaza sauti.

Mlango ulipofungwa, aliyefuata alikuwa bibi wa makamo aliyeshika mkoba kwa mikono miwili. Bwana Shaweji akamuuliza hujambo, na safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Mimi kweli sijambo, mwanangu," alisema. "Mara zote mbili vidonge nilivyomeza nyumbani vimenitosha. Usingizi siupendi, napenda kuona wanachonifanyia." Mshale ukasogezwa hadi tatu, akaandikwa alivyosema, na si Walalaji wala Wakeshaji waliokuwapo kumfundisha. Wa tatu alikuwa na jambo. Wa nne alikuwa na mambo mawili, na la pili lilimhusu mume wake. Alisikilizwa mpaka akamaliza, kwa kuwa ndivyo ukurasa ulivyosema.

Kutoka chumba cha pili nilisikia sauti ya Bwana Hatibu kwenye kipaza sauti, taratibu, kama mtu aliyekuwa akilifanyia mazoezi neno hilo kwa miaka kumi na mmoja: "Sikudhani. Tupo. Sikudhani. Tupo hapa." Mashavu alikuwa ameuma ncha ya kanga. Sikuwa na kazi tena pale, lakini sikuondoka.

Walipomtoa, macho yalikuwa mazito na mdomo mkavu. Nilimwinamia kitandani, na kwa mazoea tu, mazoea ya maisha yangu yote, nikamuuliza, "Hujambo?"

Aliangalia dari. Alisogeza miguu kidogo, akaituliza, akaweka mkono chini ya kitovu, akausikiliza mwili wake kama anavyosikiliza ringi. Bwana Shaweji alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na rejista kifuani, kalamu juu, na hakumharakisha.

"Sijambo," alisema Sikudhani. "Andika. Na Alhamisi niwekeeni nafasi."